Vali za maji yenye msukumo mkubwa: aina zake, zinavyofanya kazi na kinachotokea zinaposhindwa

Mvua za masika za mwaka 2024 zilipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti nchini Tanzania, sehemu kubwa ya mjadala uliofuata ilizunguka neno moja: milango. Je, milango ya Bwawa la Julius Nyerere ilifunguliwa lini, na kwa kiasi gani? Sisi ambao kazi yetu ni kufasiri taarifa za wahandisi kwa Kiswahili tuliandika "milango", "mageti" na "vali" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Lango la kupunguzia maji karibu na kilele cha bwawa, vali iliyo chini ya ukuta wake, na vali inayokaa mbele ya mtambo wa kufua umeme ni vifaa vitatu vyenye kazi tatu tofauti. Kimoja kikiitwa kwa jina la kingine, msomaji anaweza kuamini kwamba kuna mtu aliyefungulia maji, ilhali maji yalijipitia yenyewe. Yapo hata mabwawa yasiyo na lango lolote la kupunguzia maji. Yakijaa, hujimwaga juu ya ukingo uliojengwa kwa kusudi hilo.

Makala hii inahusu vali hasa, yaani kifaa kinachokaa ndani ya bomba au mwishoni mwake na kuamua kama maji yenye msukumo mkubwa yatapita, kwa kiasi gani, na kuelekea upande upi. Nchi za ukanda huu zinazidi kutegemea vifaa hivyo kwa pamoja. Umeme wa maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ule wa Mto Ruzizi huzihudumia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mtambo mmoja ukifungwa kwa dharura, taa hufifia katika zaidi ya nchi moja.

Uzito wa maji yaliyosimama

Maji yana uzito, na uzito huo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Kila mita 10 za kimo cha maji huongeza msukumo wa takribani kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Hesabu hii ni nyepesi, nayo ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Tangi lililoinuliwa mita 10 juu ya nyumba hutoa kilo moja, na koki ya jikoni huihimili bila shida. Mteremko wa takribani mita 850, kama ule wa kituo cha Kihansi ya Chini katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, hutoa kilo 85 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa msukumo huo, eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba hubeba zaidi ya kilo 100.

Maji hayo yakiachiwa kupitia tundu dogo huko chini, huruka kwa mwendo unaokaribia mita 130 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Kwa mwendo huo, chembe ya mchanga iliyobebwa na maji huwa patasi. Hukwangua chuma cha pua, na mkwaruzo wa kwanza ukishapatikana, maji hulipanua jeraha lenyewe bila kuchoka.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba, katika bomba la mteremko, msukumo wa kawaida huwa mkubwa zaidi maji yanaposimama. Yakiwa yanatembea, sehemu ya nguvu yake humezwa na msuguano wa kuta za bomba. Yakisimamishwa, bomba hubeba kimo chote cha mteremko. Nchini Kenya mfano unaojulikana ni bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, ambalo hupeleka maji Mombasa kutoka chemchemi za Tsavo Magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 200, kwa nguvu ya mteremko. Katika mabomba marefu ya namna hiyo, anayefunga vali ya mwisho bondeni hulitwisha bomba lililo nyuma yake mzigo ambao halikuwa nao dakika chache zilizotangulia. Ndiyo maana wasanifu wa mabomba ya mteremko mkali hupendelea kuweka njiani matangi ya wazi ya kukatiza msukumo: maji huingia tangini, hupoteza nguvu yake, kisha huanza safari upya kana kwamba yametoka chemchemini.

Za kufunga si za kurekebisha

Wahandisi wa maji huzigawa vali katika makundi mawili kabla ya kutaja jina la aina yoyote. Kundi la kwanza ni la vali za kufunga, ambazo ama ziko wazi kabisa ama zimefungwa kabisa. Kundi la pili ni la vali za kurekebisha, zinazoweza kukaa nusu njia kwa saa au siku nyingi zikipima kiasi cha maji. Makosa mengi yanayoharibu vali hutokana na kuitumia ya kundi la kwanza kwa kazi ya kundi la pili.

Vali ya lango ndiyo inayofahamika zaidi katika kundi la kufunga. Ndani yake kuna kisahani cha chuma kinachoshuka kama pazia kukata njia ya maji, kikiendeshwa na usukani wa duara ulio juu. Ikiwa wazi, kisahani hupanda chote hadi kwenye kofia ya vali, na maji hupita bila kikwazo. Ni rahisi kuitengeneza na hudumu miaka mingi. Udhaifu wake huonekana msukumo unapokuwa mkubwa. Chukua vali yenye kipenyo cha sentimita 60 iliyofungwa chini ya kimo cha mita 100. Maji hukisukuma kisahani kwa uzito wa takribani tani 28, na anayetaka kuifungua lazima akiburute huku kimebanwa kwa uzito huo dhidi ya kiti chake. Kwa sababu hiyo, vali kubwa za lango huwekewa kando yake kibomba chenye vali ndogo. Hiyo ndogo hufunguliwa kwanza ili maji yajaze upande wa pili. Msukumo ukishalingana pande zote mbili, lango hunyanyuka kwa urahisi. Fundi mwenye haraka anayeruka hatua hiyo huenda akavunja mhimili, au akaunguza mota inayouzungusha.

Kosa la pili ni kuiacha vali ya lango nusu wazi ili kupunguza maji. Maji hupita kwa kasi chini ya ukingo wa kisahani, kisahani hutetemeka, na ukingo huo huliwa hadi vali isiweze tena kufunga sawasawa. Katika mitandao ya maji ya miji mingi, vali inayovuja baada ya kufungwa kwa nguvu zote si lazima iwe ya zamani. Huenda iliwahi kutumika kugawa maji ya mgao kwa zamu.

Vali ya kipepeo huchukua nafasi ndogo zaidi. Ni sahani ya mviringo iliyotundikwa kwenye mhimili katikati ya bomba. Ikizungushwa robo duara, hukaa sambamba na maji au huyakata kabisa. Vituo vya umeme vyenye mteremko wa wastani, hadi takribani mita 200 au zaidi kidogo, huzitumia kwa wingi mbele ya mitambo yake. Ukubwa wa nguvu zinazohusika si rahisi kuuona kwa macho. Sahani yenye kipenyo cha mita mbili, chini ya kimo cha mita 200, hubeba zaidi ya tani 600. Kasoro yake ni kwamba hata ikiwa wazi, sahani yenyewe hubaki katikati ya mkondo, na kila siku ya kazi hula sehemu ndogo ya nguvu ya maji ambayo ingeweza kuwa umeme.

Mteremko unapozidi hapo, kwa kawaida huchaguliwa vali ya tufe. Hili ni tufe nene la chuma lililotobolewa tundu lenye upana sawa na bomba. Tundu likielekezwa sambamba na bomba, maji hupita kana kwamba hakuna vali. Tufe likizungushwa robo duara, upande usio na tundu ndio unaoyakabili maji. Ni ghali na ni nzito, lakini ndiyo inayoaminiwa pale ambapo mteremko ni wa mamia ya mita.

Katika vituo vya umeme, vali za kipepeo na za tufe huwa na tabia moja inayostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mara nyingi hufunguliwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu, lakini hufungwa kwa uzito wa jiwe au chuma kilichoning'inizwa kwenye mkono wa vali. Umeme ukikatika, pampu ikifa, au bomba la mafuta likipasuka, uzito huo hushuka wenyewe na vali hufunga. Hakuna anayehitaji kubonyeza kitufe. Aidha, vali ya tufe mara nyingi huwa na pete mbili za kuzibia: moja ya kazi ya kila siku, na nyingine ya matengenezo, inayokazwa na kufungiwa kwa kufuli. Pete hiyo ya pili ipo kwa sababu kuna siku mafundi huingia ndani ya mtambo wenyewe, wakiwa na taa na vifaa vya kuchomelea, huku nyuma ya vali kukiwa na bwawa zima.

Zinazokaa nusu wazi

Kurekebisha maji yenye msukumo mkubwa ni kazi ngumu kuliko kuyafunga, kwa kuwa nguvu inayozuiwa lazima iende mahali fulani. Vali ndogo za kundi hili ni zile za globu, ambamo maji hulazimishwa kupinda na kupita chini ya kizibo kinachopanda na kushuka juu ya kiti chake. Koki ya kizamani ya bafuni, ile yenye washa ya mpira, ni ndugu yake mdogo. Hurekebisha vizuri, lakini kupinda huko hugharimu nguvu nyingi, hivyo haifai kwa mabomba makubwa.

Adui wa vali zote za kurekebisha ni viputo. Maji yanapopenya kwenye upenyo mwembamba huongeza mwendo na kupoteza msukumo, na msukumo ukishuka vya kutosha, maji huchemka yakiwa baridi: viputo vidogo vya mvuke huzaliwa ndani yake. Hatua chache mbele, msukumo hurudi na viputo hupasuka kwa ndani. Kila kimoja ni kidogo mno, lakini hupasuka kwa maelfu mahali pamoja, kikipigapiga chuma hadi kibaki na vishimo kama sifongo. Wahandisi huliita jambo hili kaviteshini. Anayesimama karibu na vali iliyopatwa nalo husikia sauti kama ya kokoto zikipita ndani ya bomba, ingawa hakuna kokoto.

Jibu la mapema kwa tatizo hilo lilikuwa vali ya sindano. Ndani ya bomba lililopanuliwa huwekwa umbo la yai refu, ambalo ncha yake husogea mbele na nyuma kuziba au kufungua mdomo wa bomba. Maji hulizunguka umbo hilo kwa ulaini na kutoka yakiwa mkondo mmoja ulionyooka. Mwanzoni mwa karne ya 20 vali hizi zilifungwa katika mabwawa mengi ya Marekani, likiwamo lile la Hoover kwenye Mto Colorado, ambako baadaye ziliondolewa na mahali pake pakawekwa malango ya aina nyingine. Zilikuwa nzito, zenye vyumba vingi vya ndani, na matengenezo yake yalikuwa magumu.

Katika miaka ya 1930 wahandisi wawili wa Marekani, Howell na Bunger, walikuja na wazo lililo rahisi kiasi cha kushangaza. Badala ya kupambana na nguvu ya maji ndani ya bomba, walilimaliza bomba kwa umbo la pia lisilosogea, kisha wakavika juu yake mkono wa chuma unaoteleza mbele na nyuma. Mkono ukirudishwa nyuma, maji hupiga pia na kutawanyika pande zote kama mwavuli mpana. Nguvu yake humalizikia hewani, katika ukungu na kelele. Faida ya ziada ni kwamba maji yaliyotoka kwenye kina cha bwawa, ambayo mara nyingi huwa na hewa kidogo, hupata hewa kabla ya kufika mtoni walipo samaki. Mwanzoni baadhi ya vali hizi zilipasuka mbavu zinazoshikilia pia kwa sababu ya mtetemo, na vipimo vya unene wa mbavu vikabadilishwa. Leo vali ya pia ni miongoni mwa zinazotumika sana duniani kutolea maji chini ya mabwawa. Picha nyingi za mabwawa "yakifunguliwa", zinazoonyesha maji yakiruka kwa umbo la mwavuli mweupe, ni picha zake.

Kishindo cha maji

Kuna hatari moja ambayo haitokani na udhaifu wa vali, bali na vali iliyofanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

Maji ndani ya bomba refu ni kama msafara wa garimoshi. Bomba lenye kipenyo cha mita moja na urefu wa kilomita tatu hubeba zaidi ya tani 2,300 za maji, na zote zinatembea. Vali ikifungwa ghafla, maji yaliyo karibu nayo husimama, lakini yaliyo nyuma hayana habari. Huendelea kusukuma hadi yabanane. Mbanano huo husafiri kurudi nyuma kwa mwendo wa kilomita moja hivi kwa sekunde katika bomba la chuma, hufika bwawani, kisha hurudi. Hicho ndicho kishindo cha maji. Mlio wa "ko" unaosikika ukutani koki ya nyumbani inapofungwa kwa ghafla ni mtoto wake.

Mwanasayansi wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alifanya majaribio katika mabomba ya maji ya Moscow mwaka 1897 na 1898 na kuonyesha jinsi ya kukipima. Matokeo yake yanaweza kuelezwa hivi: kila mita moja kwa sekunde ya mwendo unaokatizwa ghafla huongeza msukumo unaolingana na kimo cha mita 100 hivi za maji. Maji yanayotembea mita tatu kwa sekunde, yakisimamishwa kwa ghafla, humwongezea mwenye bomba mita 300 ambazo hakuzijengea.

"Ghafla" hapa ina maana maalumu. Katika bomba la kilomita tatu, mbanano huchukua takribani sekunde sita kwenda na kurudi. Vali ikifungwa ndani ya sekunde hizo sita, bomba hupata kishindo kizima, hata kama kwa mtu anayezungusha usukani sekunde sita ni polepole. Tena iko hila nyingine. Vali ya lango inaposhushwa kutoka juu, kiasi cha maji hakipungui sana hadi inapokaribia kufunga. Karibu kazi yote hufanyika katika mizunguko michache ya mwisho. Fundi aliyetumia dakika tano kufunga vali huenda, kwa kweli, alisimamisha maji kwa sekunde chache tu za mwisho. Kanuni ya mafundi wazoefu ni kupunguza mwendo kadiri usukani unavyozidi kuwa mzito, ingawa mwili wa binadamu hutamani kinyume chake: kumaliza.

Mwaka 1950, katika kituo cha umeme cha Oigawa nchini Japani, vali ilifunga kwa kasi mno. Bomba kuu lilipasuka kwa kishindo. Maji yalipokimbia kupitia ufa huo, sehemu ya juu ya bomba ilibaki na ombwe ndani yake, na hewa ya nje ikalikunja kama mkebe uliokanyagwa. Wafanyakazi watatu walifariki. Tukio hilo moja linaonyesha kwa nini mabomba makubwa huwekewa vali za hewa sehemu za juu. Hizi ni ndogo, hazidhibiti maji hata kidogo, lakini hufungua zenyewe na kuruhusu hewa iingie pale msukumo wa ndani unapoanguka chini ya ule wa nje.

Kwenye mitambo yenye mteremko mkubwa, ambako maji hupiga vikombe vya gurudumu kutoka mdomo mwembamba, tatizo hili lina utatuzi wa kupendeza. Umeme ukikatika ghafla kwenye gridi, gurudumu halina tena mzigo na litaongeza kasi hadi kujivunja. Maji lazima yaondolewe mara moja. Lakini sindano inayofunga mdomo haiwezi kufungwa mara moja, kwa sababu ya kishindo. Basi huwekwa kikingio cha chuma kinachoingia mbele ya mkondo kwa sekunde moja au mbili na kuukengeusha usilipige gurudumu. Maji huendelea kutoka kwa nguvu ile ile, yakimwagika bure, huku sindano nyuma yake ikifunga taratibu.

Kishindo si adui wakati wote. Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, ambaye pamoja na nduguye alirusha puto la hewa ya moto, alitengeneza mwaka 1796 pampu inayotumia kishindo hicho kuinua maji bila injini: vali yake hujifunga yenyewe mara kwa mara, na kila kishindo husukuma maji kidogo kwenda juu. Pampu za aina hiyo bado zinapiga "tak, tak" katika mashamba ya milimani sehemu nyingi za dunia.

Siku ambayo vali haikuwapo

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha Sayano-Shushenskaya kwenye Mto Yenisei huko Siberia, kifuniko cha mtambo namba mbili kiling'oka. Boliti zilizokishikilia zilikuwa zimechoka kwa mtetemo wa muda mrefu. Maji yaliyoteremka kutoka kwenye bwawa lenye kimo cha zaidi ya mita 240 yaliinua mtambo wenyewe na kuujaza ukumbi. Kituo kilikuwa na mitambo 10, kila mmoja wa megawati 640. Watu 75 walipoteza maisha.

Hapakuwa na vali ya kufunga mbele ya mtambo. Kila bomba lilikuwa na lango la dharura mahali maji yanapoingilia, juu kwenye kilele cha bwawa. Huo si usanifu wa ajabu: pale ambapo bomba ni fupi na kila mtambo una bomba lake, wasanifu wengi huona lango la juu linatosha, na vali kubwa chini ni gharama isiyo ya lazima. Lakini mafuriko yalikata umeme wa kituo chenyewe, na malango hayakushuka. Wafanyakazi walilazimika kupanda hadi kwenye kilele na kuyashusha kwa mikono. Maji yaliendelea kuingia ukumbini kwa zaidi ya saa moja.

Wenye kutetea vali zinazofungwa kwa uzito hawahitaji mfano mwingine. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, swali ambalo wanahabari wa ukanda wetu wangelipaswa kuliuliza katika kila uzinduzi wa kituo kipya, pamoja na lile la megawati, ni hili: umeme wa kituo ukikatika, ni kitu gani kinachofunga maji, na kinachukua sekunde ngapi?

Za mijini

Mitandao ya maji ya miji ina vali nyingine ambazo hazihitaji maelezo marefu. Vali ya kupunguza msukumo hujirekebisha yenyewe: hata msukumo wa juu ukipanda au kushuka, wa chini hubaki pale ulipowekwa. Katika miji iliyojengwa juu ya vilima kama Kigali na Kampala, vifaa vya namna hii ndivyo vinavyowezesha nyumba ya bondeni isipasukiwe na mabomba huku ya kilimani ikipata maji. Pia ndiyo njia ya haraka ya kupunguza maji yanayopotea, kwa sababu ufa ule ule huvuja kidogo msukumo unapokuwa mdogo. Usiku, watu wanapolala na matumizi yakashuka, msukumo hupanda, na ndio wakati mabomba machakavu hupasuka.

Vali ya njia moja huruhusu maji kwenda na kuyazuia kurudi. Hukaa mbele ya kila pampu. Vali ya usalama hukaa imefungwa maisha yake yote ikisubiri siku ya msukumo kupita kiasi, na kwa kuwa haitumiki, husahaulika. Ikipakwa rangi pamoja na bomba, kama inavyotokea, kuna hatari siku hiyo ikifika isifunguke.

Vali ndogo za Kihansi

Turudi Udzungwa. Kabla ya kituo cha Kihansi ya Chini kujengwa, mto ulianguka kwenye korongo na kulijaza ukungu mchana na usiku. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti waligundua humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, Nectophrynoides asperginis, asiyeishi mahali pengine popote duniani. Hatagi mayai; huzaa watoto waliokamilika. Maji yalipoelekezwa kwenye bomba la mitambo, kuelekea mwaka 2000, ukungu ulitoweka kwa sehemu kubwa.

Ilibidi maji yagawanywe upya. Sehemu iliachwa ipite kando ya mitambo na kurudi mtoni, na korongoni yakatandazwa mabomba yanayoteremsha maji kwa mteremko hadi kwenye vinyunyizio vyenye matundu membamba, ili kuiga ukungu wa zamani. Kila lita iliyoachiwa chura ilikuwa lita isiyofua umeme, na taifa lililokuwa na uhaba wa umeme lilijadili hesabu hiyo kwa uchungu. Baadhi ya vyura walipelekwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakazaliana humo. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili; mwaka 2012 kundi la kwanza lilirudishwa korongoni.

Juu ya mlima, maji ya bomba kuu hufungwa na kufunguliwa kwa vifaa vyenye uzito wa tani nyingi. Korongoni kazi ni ya vinyunyizio vinavyoenea kiganjani, na mahali maji yanapopitia matundu membamba hivyo, takataka kidogo tu hutosha kuyaziba. Lazima kuwe na mtu wa kushuka huko kuvikagua na kuvisafisha.